Ulipoitikia Mara Mbili Jioni ya Kimondo

Mama yangu wa Kidodi,

Juzi tumemaliza arobaini yako. Pilau ilitosha, wageni walishiba, na wale waliokuja kula tu walikula wakaondoka kabla ya dua. Ungecheka. Shangazi Mwanahawa, na uzee wake wote, alikaa kwenye jamvi la mbele akalia kuliko mimi niliyekuuguza. Nikamtazama, nikajisemea, haya, lia shangazi, wewe una sababu zako.

Watu walipotawanyika, mjukuu wako akanionyesha kwenye simu kimondo kilichopigwa picha huko kwenye nchi za watu. Kinapita angani, kinamulika nyumba na magari, halafu mtu anacheka. Anacheka, mama! Nikamwambia zima hiyo simu. Akanishangaa: "Mama, na wewe unaogopa nyota?" Nimeona bora niongee na wewe, maana tulioziona zile nyota tukazilipia tulikuwa wawili.

Ulikuja Tindiga enzi za ruksa, wakati malori ya watu binafsi yalipoanza kuingia mpaka mashambani kununua mpunga. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye mkonge, naye akajiita mfanyabiashara. Alikuwa anapakia magunia kwenye treni pale Kilosa, anakwenda kushinda Dar, anarudi na mitumba. Safari moja alipitia Kidodi kutafuta sukari, akarudi na wewe. Mama aliyenizaa alikuwa hajatimiza mwaka kaburini.

Nilikuwa na miaka kumi na ukaidi wa watu wazima watatu. Ulisimama uani kwetu na gauni lako la mitumba la maua makubwa, ukacheka mpaka mwanya ukaonekana, ukaniambia, "Njoo nikuone, mwanangu." Nikakupa shikamoo. Shikamoo haina ujanja, usipoitoa unachapwa. Lakini jina sikukupa. Si mama, si mama mdogo, si chochote. Nikikuhitaji nilikuja mbele yako, nikasimama, nikakohoa. Hata maji ya kunywa nilikuomba kwa kukohoa. Nawe hukununa, ukawa unanitania: "Mgonjwa wangu wa kifua amekuja. Leo anaumwa nini, njaa au kiu?" Ulikuwa unaniudhi, we mwanamke, hujui tu.

Msimu ule mpunga ulikuwa unaiva na kwelea walikuwa wanashuka shambani makundi kwa makundi. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuamia ndege. Nilipanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, nikapiga debe na kurusha madongo kwa kombeo mpaka jua lizame. Jua likizama ndege wanaondoka, na anayewaamia naye anatakiwa awe ameshashuka. Siku ile sikushuka mapema. Nilikawia makusudi, ili nikifika nyumbani nikukute umeshachota maji na kuwasha moto peke yako. Ndiyo vita niliyokuwa napigana na wewe.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita na giza limeanza kushika. Nilikuwa natembea juu ya tuta la mfereji, naona paa la nyumba ya Shangazi na nyuma yake moshi wa jiko lako. Mara kukapambazuka. Sina neno jingine. Rangi ya majani ikarudi, lakini haikuwa rangi ya mchana, ilikuwa ya kijani cha kuumwa. Nikaona kivuli changu kimelala ubavuni pangu, kirefu, cheusi. Kisha kikaanza kwenda. Mimi nimesimama, mama, miguu imekufa ganzi, na kivuli changu kinanizunguka taratibu, na vivuli vya mpunga wote vinazunguka pamoja nacho. Shamba zima lilikuwa linageuka na hakuna upepo.

Ndipo nikatazama juu. Kilikuwa kinatoka upande wa milima ya Kilosa kinaelekea Mikumi, kikubwa kuliko mwezi, cheupe katikati, kinadondosha vipande vyekundu. Kitu kikubwa namna ile ungetegemea kingurume. Hakikunguruma. Kilikuwa na sauti ndogo ya samaki anayekaangwa, na hiyo sauti haikutoka mbinguni. Ilikuwa inatoka kwenye majani, hapa, karibu na sikio langu.

Kikazimika. Giza lililorudi lilikuwa zito kuliko lile la mwanzo, hata mkono wangu sikuuona. Vyura walinyamaza. Wewe ulikaa Tindiga, unajua vyura wa mpunga hawanyamazi hata wakipigwa mawe. Jioni ile walinyamaza wote kwa pamoja. Nikaanza kutambaa nikidhani yamekwisha, na hapo ndipo ardhi ilipopiga. Mshindo ule niliusikia tumboni kabla ya masikioni. Ng'ombe wa majirani zetu Wasukuma walivunja zizi wakatawanyika gizani, nikasikia kwato zinapita, nikaruka pembeni, nikatumbukia mferejini mpaka kifuani kwenye matope.

Nikaita. Mara moja tu, kwa pumzi yangu yote: "Mamaaa!"

Wewe hili unalijua, nalisema kwa ajili ya hawa wa kwenye simu. Kwetu, magharibi ukisikia mwito na humwoni anayeita, huitikii. Unanyamaza, unangoja. Mtu ataita tena, kwa sababu mtu ana shida yake. Kitu kinaita mara moja tu, kinangoja ujibu, na ukishajibu umeshajitoa mwenyewe. Bibi alitufundisha hivyo kabla hatujajua hata kuvaa viatu. Na jioni ile, baada ya mbingu kuwaka na nchi kutikisika, hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Kila nyumba ilifunga mlango. Shangazi Mwanahawa alinisikia. Toka pale nilipotumbukia hadi mlangoni kwake unaweza kuomba chumvi bila kupaza sauti. Alinisikia, akawaziba watoto wake midomo kwa kanga, akangoja niite mara ya pili.

Sikuita mara ya pili. Sikuita kwa sababu gizani mwanamke alinijibu.

"Abee!"

Mama, nilikuwa nimemwita marehemu. Nilimwita yule niliyemwona akitolewa mlangoni kwenye jeneza lililofunikwa kwa kanga. Kinywa kiliita kabla akili haijakumbuka kwamba hayupo. Na sasa, baada ya yote niliyoyaona, mtu alikuwa ameitika. Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili pamoja na matope yake. Halafu ikaja tena, karibu zaidi:

"Abee, mwanangu! Abee!"

Kisha ukaanza kuniita jina. "Zaina! We Zaina, uko wapi?" Na mimi sikuitikia. Nilikuwa nimefundishwa vizuri. Nikaona moto wa mabua makavu unakuja unayumbayumba juu ya tuta, na nyuma ya moto sioni uso. Mkono ukashuka ukanishika bega. Nikaung'ata kwa meno yote niliyokuwa nayo. Ukapiga yowe, ukanizaba kofi moja la Kidodi ambalo mpaka leo nikilikumbuka shavu linapata joto. Hapo ndipo nilipojua ni wewe. Mzuka haupigi kofi la namna ile.

Ulinibeba mgongoni na uzito wangu na matope yangu. Tulipokuwa tunapita kwenye nyumba za watu ulikuwa unatangaza kwa sauti, "Nimempata! Ni mtoto jamani, ni Zaina!" Hakuna mlango uliofunguliwa. Nilikuwa nasikia watu wanapumua nyuma ya kuta. Mbwa wa Shangazi alitoka, akatutazama, akarudi kinyumenyume mpaka uvunguni mwa ghala. Sijui yule mbwa aliona nini, na sikupenda kujua.

Asubuhi neno lilikuwa limeshafika kila mahali. Mke wa Kidodi kaitikia. Kitu kimeita mara moja, yeye kakiitikia mara mbili! Kisimani wanawake walikuwa wakivuta ndoo zao pembeni ukifika. Uji uliompelekea jirani aliyejifungua ulimwagwa nyuma ya nyumba, nami nikauona. Kuku wakaanza kufa. Kuku wa Tindiga wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa wa mdondo, lakini mwaka ule walikufa kwa sababu yako.

Na mimi nilikuogopa, mama. Koroboi ikiwashwa nilikuwa natafuta kivuli chako ukutani, nikikiona ndipo nashusha pumzi. Ulipokuwa unatwanga uani jioni, kuna siku nilisikia michi miwili inapokezana. Nikichungulia, upo peke yako. Nikirudi ndani, michi miwili. Nilikuwa najiuliza aliyekuja na moto gizani ni nani, na kama wewe wa kweli umebaki kule mferejini. Halafu wakaanza kunong'ona kwamba huenda hata mimi niliyerudi si mimi. Shangazi aliniketisha akaniuliza jina la bibi yangu mzaa mama. Nikalitaja. Akatikisa kichwa: "Hata hao wanajua majina." Nikatoka pale nikajigusa mikono, nikajigusa uso. Mtoto wa miaka kumi, anajipapasa kuhakikisha kama yupo! Mungu atamhukumu shangazi yangu, mimi nimeshamwachia.

Ulifunga kitambaa mkono niliokung'ata, ukaendelea na kazi zako. Utani ndio ulioacha. Nikija mbele yako kukohoa, ulinipa nilichotaka bila neno. Hapo ndipo nilipojua umeumia.

Mjomba Rajabu akaja kutoka Mikumi, juu ya lori. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema neno baba anasikiliza. Alikuja kunichukua. Alitusimulia ya kwao kwanza. Mabasi yalisimama katikati ya barabara, abiria wakashuka wakapiga magoti kwenye lami, Waislamu kwa Wakristo. Porini pakawa kimya, kisha tembo wakatoka wakavuka barabara kwa haraka, wakubwa kwa wadogo, hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama watu. Vijana waliingia kulitafuta jiwe lililoanguka wakaliuze, maana wakati ule kila kitu kilikuwa kinauzwa. Walirudi mikono mitupu, na mmoja wao hakutaka kusimulia walichokiona. Mjomba alipofika hapo akakutazama.

Kikao kilikuwa uani kwetu baada ya alasiri. Baba alikuwa ameshatamka: mtoto akichukuliwa kwa sababu yako, wewe nawe unarudi Kidodi siku hiyo hiyo. Hakusema kwa ukali. Alisema huku anatazama viatu vyake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Zaina mwanangu," Mjomba akaanza, "usiogope. Jioni ile uliita?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ulimwita nani?"

Nilikutazama. Ulikuwa umekaa chini kwenye mkeka na ungo mapajani, unachambua mchele, kana kwamba wanaozungumziwa ni watu wa kijiji kingine. Hukuinua uso. Nikaona kitambaa mkononi mwako kimeanza kuchafuka, na chini yake nilijua kuna meno yangu. Ulitoka peke yako gizani baada ya kitu kile kupita, wakati ndugu zangu wa damu wamejifungia. Nikaona pia mahali ukweli unapoelekea. Nikisema nilimwita marehemu, basi wewe umeitikia mwito wa marehemu, umejiweka kwenye nafasi yake, na hilo kwetu linatisha kuliko kimondo. Nikisema niliita mara moja, basi sikuwa mtu.

"Nilimwita mama," nikasema.

"Mama yupi?" Shangazi akadakia.

Nikanyoosha kidole. "Huyu."

Vidole vyako vikasimama kwenye mchele.

"Mara ngapi?" Mjomba akauliza.

"Mara mbili."

"Mwongo!" Shangazi akaruka. "Mimi nimesikia mara moja!"

"Ya pili niliita kwa sauti ndogo, shangazi," nikamwambia. "Kumbe ile ya kwanza ulinisikia?"

Weee! Mjomba akageuza shingo polepole. "Shemeji," akasema, "ulimsikia mtoto?" Shangazi akaanza kujifunga kanga upya, na ilikuwa imefungwa vizuri tu. Mjomba akamngoja. Kisha akasema, "Basi aliyeita ni mtu, na aliyeitikia ni mtu. Mimi naomba chai." Ukainuka kwenda kuiweka jikoni, ungo ukakuponyoka, mchele wote ukamwagika chini, na baba, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akainua kichwa.

Jioni nilikufuata jikoni nikasema, "Mama, naomba maji." Neno lilikuwa gumu kulitoa, lilikuwa jipya mdomoni. Ukanipa kikombe, nusu yake ikamwagikia miguu yangu. Hatukulizungumza. Wewe ulikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini tukiwa wawili tu hilo hukuligusa.

Nilidanganya kikao kizima cha watu wazima, na sijutii hata kidogo. Kilichonitesa ni wewe. Mbele za watu uliendelea kusimulia. Siku ya ndoa yangu ulisimama mbele ya watu na mwanya wako ukasema, "Huyu jioni ya kimondo aliniita mimi, akaniita mara mbili." Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni haya ya bibi harusi. Nilikuwa nawaza, masikini mama yangu, nimempa kitu ambacho hakipo naye amekifungia sandukuni. Na jingine, lililokuwa linanijia nikiwa peke yangu jioni kama hii: mimi najua niliita mara moja. Kama niliita mara moja, mara ya pili ulikuwa unamwitikia nani? Ni nani mwingine aliyekuita pale gizani? Nimekula chakula chako miaka yote ile, nimekuachia watoto wangu uwalee, na swali hilo halikuondoka. Kuna wakati ulikuwa ukigeuka ghafla kama mtu aliyeguswa, ukitazama mlangoni.

Mwezi wa mwisho tulipokuleta hapa Kilosa mjini, ulikuwa umebaki macho na sauti. Jioni moja nilikuwa nakuosha miguu kwenye beseni. Ukaniuliza mbona nimenuna. Sijui ujasiri niliutoa wapi.

"Mama," nikasema, "jioni ile ya kimondo, mara ya pili ulimwitikia nani?"

Nje pikipiki zilikuwa zinapita. Sikuthubutu kuangalia mlangoni.

"Uliita mara moja," ukasema. "Na hukuniita mimi. Ulimwita mama yako. Sauti ya mtoto anayemwita mama yake mzazi, nani asiyeijua?"

Maji yakaniponyoka mkononi.

"Kidodi pia hatuitikii magharibi," ukaendelea. "Niliogopa, Zaina, nilijikojolea nikiwa natembea. Lakini aliyeitwa hakuweza kuja. Nikasema basi, ngoja niende mimi."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili hakuna aliyeita. Ulinyamaza. Nikaona utadhani hakuna mtu."

Ulijua. Siku ya kikao ulijua, siku ya ndoa yangu ulijua, na ukawasimulia watu ule uongo wangu kwa raha zako kwa sababu ulikuwa umeupenda. Niliendelea kuosha miguu ambayo ilikuwa imeshatakata.

Nenda salama, mama. Nimefuta yote niliyokuwa nakudai na yote uliyokuwa unanidai. Tangu tukuzike umenyamaza. Ndiyo maana nimekuandikia, usije ukadhani hakuna mtu.

Ni mimi,
mwanao.